Ukuta Nilioununua Kangundo

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu, simu yangu ilipolia nikiwa kazini. Mbele ya kamera alikuwa ameketi mwanamume wa mjengo aliyehitaji picha za pasipoti. Vumbi la saruji lilikuwa bado kwenye nyusi zake, lakini kuanzia shingoni kwenda chini alikuwa amevaa koti la studio, koti jeusi linaloning'inia karibu na kioo changu kwa ajili ya wateja wasiokuja na lao. Nilimwomba atulie, nikapiga picha mbili, ndipo nikapokea.

Aliyepiga simu alikuwa mzee mmoja wa Kangundo, fundi wa kushona nguo.

"Mpiga picha, uko?"

"Niko, fundi. Habari ya huko?"

"Huku ni rangi tu. Watu wa kampuni ya sabuni wako hapa na ngazi. Wanapaka maduka yote ya laini yetu, bure, na mwenye duka anapewa kitu kidogo ya mwaka. Kesho asubuhi wanafika kwangu. Nikasema wacha nikuambie, maana ule ukuta wako unaenda."

Ukuta haukuwa wangu. Alisema hivyo kwa utani, kwa sababu kwa miaka minne nilikuwa nimepanda Kangundo mara nyingi kuupiga picha, na mzee alikuwa ameshaacha kuniuliza sababu. Nilimwambia wasiuguse kabla sijafika. Nikampa yule mtu wa mjengo picha zake, nikafunga studio.

Ni ukuta wa ubavuni wa duka la zamani, kwenye kichochoro kinachoshuka sokoni. Ulipakwa rangi ya pinki kabla fundi hajapanga pale, na palipobanduka palichungulia samawati ya zamani zaidi. Chini yake kuna benchi refu la mbao. Wateja wa fundi hukaa hapo wakingoja suruali zipunguzwe urefu na sare za shule zitiwe vifungo, na wakikaa huegemea. Vichwa vilivyopakwa mafuta, vitambaa, kofia za jasho, kila kimoja kilikuwa kimeacha kidogo chake mwaka baada ya mwaka, mpaka pakawa na safu ya madoa ya mviringo juu ya benchi, doa moja kwa kila nafasi ya kukaa. Rangi yake ilikuwa ya maji ya kunde, imekolea katikati na kufifia pembeni hadi kuwa pinki tena.

Mke wangu alifanya kazi kwa fundi huyo kwa miaka sita. Alikuwa akipanda Kangundo Jumanne, akilala kwa mama yake, na kurudi nyumbani kwetu Machakos Ijumaa jioni. Kazi yake ilikuwa ya mkono: pindo, vifungo, matundu ya vifungo. Hakupenda kukaa ndani kwa sababu ya kelele za cherehani, kwa hiyo alishonea nje, kwenye benchi. Alifariki miaka minne iliyopita, kwa ugonjwa ambao sitauelezea hapa. Doa moja kati ya yale lilikuwa lake, na nilijua ni lipi. Lilikuwa la tatu kutoka mlangoni. Siku moja nilipompelekea dawa nilimkuta amekaa pale, kichwa kimeegemea ukutani, uzi mdomoni, macho yamefumbwa. Alipofariki, nilirudi pale na kamera.

Hilo ndilo doa lililokuwa lifunikwe kesho yake.

Mimi si mtu wa shule ya picha. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kamera kwa mwenye studio aliyenitangulia, na rangi nikajifunza peke yangu. Nilianza na kitabu cha fizikia kisicho na jalada, nilichonunua kwa muuza vitabu vya kando ya barabara, chenye sura moja kuhusu mwanga ambayo nimeisoma mpaka kurasa zikalegea. Baadaye zikaja zile kadi za rangi ambazo maduka ya vifaa vya ujenzi huwapa watu wanaojenga. Niliomba kila kadi mpya, na jioni nilitembea nayo mjini nikiishikilia kando ya vitu: lango, beseni, turubai la muuza viatu. Nilichogundua ni kwamba hakuna kitu kilicholingana na kadi yake. Lango lililopakwa kijani cha kadi lilikuwa kijani hicho kwa majuma machache tu. Baada ya hapo lilianza kuwa rangi ya mikono inayolifungua.

Picha zangu mwenyewe, zile ambazo hakuna mteja anayezilipia, ni za mambo kama hayo. Mtungi wa maji wa njano huko Mwala, uliopauka ubavu mmoja tu, ule unaotazama jua. Ukosi wa koti la studio, uliogeuka kutoka weusi kuwa rangi ya shaba kwa ajili ya shingo za watu wasiojuana. Beseni jekundu lililozibwa ufa kwa plastiki ya samawati iliyoyeyushwa. Situmii taa ya kamera. Napiga asubuhi kabla jua halijakigusa kitu, au siku ya mawingu, kwa sababu jua kali hula rangi kwanza na kukuachia umbo. Na hapa kwetu kuna udongo mwekundu. Jua likiwa juu, ardhi hurudisha mwanga mwekundu, na kila kitu cheupe hupata wekundu kwa chini, kama shati lililofuliwa pamoja na leso mpya. Wengi hawauoni. Mimi nilichukua miaka kujifunza kuuona, na sasa siwezi kuacha; hata bibi harusi akisimama mbele yangu uwanjani, kitu cha kwanza ninachokiona ni wekundu ulio chini ya kidevu chake.

Lakini shida kubwa ya kazi hii haiko kwenye mwanga. Iko kwenye heshima. Kwetu kupigwa picha ni jambo la heshima, na mtu akijua linakuja hujiandaa. Niliwahi kumwomba mama mmoja wa Mwala ruhusa ya kupiga picha mlango wa jiko lake, mlango wa samawati uliokuwa na moshi mweusi umetanda juu yake kama wingu la mvua. Alikubali, akaniambia ningoje kidogo. Akarudi na ndoo na sabuni.

"Mama, nilitaka mlango vile ulivyo."

"Vile ulivyo ni mchafu! Watu wakiona watasema jiko ni la nani? Si la kwangu? Ngoja hapo, usiwe na haraka kama mgeni."

Alikuwa na haki. Niliupiga picha mlango wake safi, nikamchapishia, akaiweka ukutani sebuleni. Tangu siku hiyo nilijiwekea kanuni: sitoi habari mapema. Nafika, nasalimia, naomba, napiga papo hapo. Kanuni hiyo niliishika miaka mingi, na niliivunja mara moja.

Nilifika Kangundo jua likiwa utosini. Mafundi wa rangi walikuwa wamefika duka la pili kutoka kwa fundi, wakipaka manjano kali na mkanda mwekundu. Mzee alikuwa mlangoni, miwani kwenye paji la uso, futi ya kupimia shingoni. Ndani, mke wake alikuwa akipiga pasi. Kila mtu humwita Mwaitu, mama yetu, kwa Kikamba, na mimi pia.

"Wanakupa ngapi, fundi?"

"Elfu kumi na tano kwa mwaka. Na rangi ni yao."

"Mbele na ubavuni?"

"Ubavuni ndio wanataka zaidi. Huko ndiko watu wa soko wanapitia."

"Nikikupa mimi hiyo elfu kumi na tano, ubavu ubaki?"

Alishusha miwani machoni ili anione vizuri. "Ubaki namna gani?"

"Ubaki ulivyo."

"Mpiga picha, umekunywa chai leo? Unanunua jasho ya watu?"

Mwaitu alicheka huko ndani, pasi ikatulia. "Wacha anunue, baba. Mwingine ananunua mbuzi, mwingine ananunua doa. Pesa si ni yake?"

"Ni yake. Lakini nataka nijue. Unaona nini kwa huu ukuta?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Walimfahamu mke wangu kuliko majirani zangu wa Machakos walivyomfahamu. Walikaa naye siku nne kila juma, walikula naye, walikuja kumzika. Ningesema maneno matano na wangenielewa. Badala yake nilisema, "Napenda rangi yake."

"Rangi?"

"Hiyo pinki. Haipatikani siku hizi."

Ilikuwa kweli, ila halikuwa jibu la alichouliza. Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa vipimo vya nguo asiyoielewa lakini ataishona.

Tulizungumza na msimamizi wa mafundi wa rangi. Yeye hakuwa na neno. Bila ubavu hakuna pesa, alisema, ila mbele watapaka bure ili laini isiwe na pengo. "Na nikiulizwa kwa nini ubavu umebaki?"

"Sema umeuzwa," mzee akamjibu.

"Kwa nani?"

"Kwa huyu. Usimwone amevaa viatu ya vumbi, ni mwenye nyumba."

Walicheka wote, nami nikacheka. Pesa nilizituma kwa simu hapo hapo. Zilikuwa akiba ya lenzi niliyoitamani muda mrefu. Sikuhisi uchungu wowote.

Kisha nikaitoa kamera. Jua lilikuwa limeupiga ukuta moja kwa moja. Plasta iling'aa na madoa yalikuwa yamezama ndani ya mng'ao, yasionekane zaidi ya kivuli cha moshi. Siku nyingine ningepiga hivyo hivyo. Lakini ukuta ulikuwa umelipiwa, na mtu mwenye mali hana haraka. Nilirudisha kamera kwenye mkoba nikamwambia mzee, "Nitarudi Alhamisi asubuhi mapema, kabla ya jua. Nataka kuupiga picha vizuri, ile picha ya mwisho."

"Alhamisi," mzee akasema. "Sawa. Utatukuta tayari."

Nililisikia neno hilo, tayari, na sikulitilia maanani.

Jumanne na Jumatano nilifanya kazi kama kawaida. Jioni nilipika, nikala nimesimama karibu na dirisha, nikaosha sahani moja na sufuria moja. Alipokuwa hai, siku hizo za katikati ya juma nilikuwa pia peke yangu, kwa hiyo nilikuwa nimezoea nyumba kunyamaza. Kilichonishinda kuzoea ni Ijumaa. Alikuwa akirudi na maparachichi kwenye mfuko, yaliyofungwa kwa magazeti, na kuyapanga dirishani kwa mpangilio wa kuiva. Siku hizi nayanunua mwenyewe hapa mjini. Mara nyingi yanaiva yote kwa pamoja na nusu yake inaharibika.

Usiku wa Jumatano nilisafisha lenzi, nikachaji betri, nikafungasha ile kadi ya kijivu ambayo mpiga picha huiweka karibu na kitu ili kamera isidanganyike kuhusu rangi. Katika picha zangu zote za miaka minne, pinki ile haikuwahi kutoka sawa. Ilielekea chungwa, au ilipoa ikawa kama rangi ya dawa ya vidonge. Niliamini kwamba safari hii nitaipata, na doa la tatu litakaa ndani yake kama lilivyokaa. Nilikuwa na furaha, na sikuwa na wa kumwambia.

Alhamisi nilifika Kangundo alfajiri. Kulikuwa na mawingu mepesi, mwanga umetawanyika sawasawa, mwanga ambao nimewahi kuusubiri kwa majuma. Nilipokaribia kichochoro nilisikia harufu kabla sijaona kitu. Ilikuwa harufu ya rangi mbichi, na kwanza nikadhani ni ile ya mbele ya duka.

Ukuta wote ulikuwa pinki. Pinki moja, laini, kutoka chini hadi kwenye mabati. Palipobanduka palikuwa pamezibwa. Benchi lilikuwa limeondolewa na kusuguliwa, limeegemezwa upande wa pili likikauka. Mbele ya ukuta alisimama mzee, amevaa suti ya kijivu na tai, na kando yake Mwaitu akiwa na gauni la kanisani na kitambaa cheupe kilichopigwa pasi mpaka kikawa na kona.

"Umechelewa, mwenye nyumba!" mzee akaniita. "Sisi tuko hapa tangu giza."

Niliweka mkoba chini, macho yangu yakiwa ukutani. Yeye alidhani ni mshangao wa furaha, na akaanza kunieleza kazi yote. Jumanne mafundi wa sabuni walipomaliza mbele, yeye alimwomba mmoja wao abaki. Waliosha ukuta kwa brashi na sabuni ya unga. Kisha akakata kipande cha rangi nyuma ya benchi, mahali ambapo jua wala mgongo wa mtu haukuwahi kufika, akatafuta uzi unaofanana nacho kati ya nyuzi zake zote, na akaenda na uzi huo dukani ili wachanganye rangi mpaka ilingane.

"Walichanganya mara nne," akasema. "Nikawaambia bado. Ya tano ndiyo hii. Si ulisema ni pinki unapenda? Hiyo ndiyo yenyewe, vile ilikuwa mwanzo."

Ilikuwa hivyo kweli. Nilitazama ile rangi kwa muda mrefu, na haikuwa na kosa. Ilikuwa ndiyo pinki niliyoshindwa kuipata kwa miaka minne.

"Lakini fundi, hukuhitaji kujisumbua."

"Kujisumbua? Mtu akinunua ng'ombe kwako, utamkabidhi na kupe wake? Ulitoa pesa nzuri. Nilitumia sehemu kidogo tu, rangi na fundi. Singekuuzia uchafu, watu wangenicheka."

Mwaitu alikuwa akiutengeneza ukosi wa mume wake. Akasema, bila kunitazama, "Mimi nilitaka tuache pahali pamoja. Pale kwa mama."

"Mama gani?"

"Mama. Mkeo." Alinyoosha mkono kuelekea mwisho kabisa wa ukuta, mbali na mlango, pale penye mfereji wa maji wenye koki ya shaba. "Alama yake ya kichwa. Nikamwambia huyu, hiyo tuizunguke tu na brashi. Akakataa."

"Ningeachaje?" mzee akasema. "Mteja anataka rangi, anakuta duara la mafuta pale kwa mfereji. Si ataona nimemaliza pesa kabla nimalize ukuta?"

Nilisikia kila neno, lakini lililobaki kichwani lilikuwa moja: mfereji.

"Alikuwa anakaa hapa," nikasema, nikaonyesha ile nafasi ya tatu kutoka mlangoni. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida. "Nilimwona."

"Hapo?" Mzee alicheka. "Hapo ni pa yule muuza makaa. Kila siku ya soko anauza, anamaliza, anakuja kulala hapo na kofia yake. Hapo pote palikuwa pachafu kwa sababu yake. Mama labda alikaa hapo siku moja akiwa mgonjwa, karibu na mlango. Siku zake zote alikuwa kule mwisho."

Niliyajua maisha ya mke wangu ya Kangundo kwa alasiri moja. Miaka sita ya Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa zake, mimi niliwahi kuona saa moja tu, na juu ya hiyo saa moja nilijenga miaka minne ya kazi, nikipima mwanga juu ya kofia ya muuza makaa.

Walikuwa wamesimama wakiningoja, kwa hiyo nilifungua miguu ya kamera. Niliwapiga picha wote wawili mbele ya ukuta. Mzee aliweka mikono ubavuni kama askari. Mwaitu alikaza midomo, kisha nilipomwambia mume wake kwamba tai yake inatazama sokoni, akacheka, na hiyo ndiyo niliyoichukua. Ni picha nzuri. Suti ya kijivu, kitambaa cheupe, pinki, na mwanga usio na kivuli. Mtu asiyejua chochote angesema ndiyo niliyoijia.

Mzee aliingia ndani kubadilisha nguo. Mimi nilivuka kichochoro, nikachukua benchi, nikalirudisha mahali pake, nikaenda kukaa mwisho, karibu na mfereji. Niliegemea. Rangi ilikuwa haijakauka sawasawa upande ule, ambako maji hurukia, na nilihisi koti langu likishika.

Mwaitu alitoka na kikombe cha chai. "Ai! Wewe! Umeharibu koti na umeharibu ukuta, yote mara moja. Mtu mzima hivyo!" Kisha alitazama mahali nilipokaa. Alinipa chai, akakaa kwenye benchi kwa uangalifu, mgongo umenyooka ili gauni lisiguse.

"Alipenda hapa kwa sababu ya maji," akasema. "Alikuwa anavua viatu, anaweka miguu hapo kwa simiti yenye unyevu. Nikimwambia utashikwa na baridi, ananiambia wewe endelea na pasi yako. Uzi alikuwa anakata na meno. Nikasema meno yataisha, mzee wako huko Machakos akurudishe kwetu bila meno."

"Hakuwahi kuniambia juu ya maji."

"Ni kitu ya kuambia mtu? Ni miguu tu."

Nilitazama chini. Simiti chini ya mfereji ilikuwa na ukungu wa kijani, na katikati palikuwa na upara mdogo uliochakaa. Unaweza kuwa wa ndoo. Kila mtu huweka ndoo pale. Nilikuwa nimeshajifunza asubuhi hiyo hiyo nini hutokea nikiamua doa ni la nani, kwa hiyo sikuamua. Sikuupiga picha.

"Ungetuambia," Mwaitu akasema. Hakuwa akinilaumu. "Ile siku ya pesa. Ungesema tu."

"Ningesema."

"Huyu nisimwambie?"

"Usimwambie, Mwaitu. Ameifanya kazi vizuri."

Hakumwambia. Najua kwa sababu mzee bado hunisimulia ile rangi ya tano kwa fahari ile ile.

Nyumbani nilizipitia picha zangu zote za ukuta ule, moja baada ya nyingine, nikitafuta upande wa mfereji. Sikuupata. Bomba la mfereji lilikuwa likinisumbua. Mstari wake wa chuma ulikatiza rangi vibaya, kwa hiyo kila mara nilisogea hatua moja kushoto ili lisiingie. Nilikuwa na sababu nzuri ya kila hatua. Kuna picha moja tu ya majaribio, niliyoipiga kabla sijaweka sawa chochote, ambayo ukingoni inaonyesha koki, na kando ya koki kitu cha hudhurungi kisicho na umbo. Rangi yake si sahihi. Nikijaribu kuirekebisha ukuta unageuka rangi na lile la hudhurungi linapotea, kwa hiyo nimeiacha na makosa yake.

Miezi miwili baadaye nilipanda Kangundo kuwapelekea picha yao, iliyochapishwa kubwa na kutiwa fremu. Benchi halikuwepo ukutani. Wateja walikuwa wamesimama kwenye kichochoro, mmoja ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Fundi, benchi iko wapi?"

"Iko ndani. Nimewakataza. Huu ukuta ni wa mtu, amelipia, hawezi kuja akute vichwa."

"Nakuomba uirudishe."

"Wataegemea."

"Waegemee."

"Na mafuta?"

"Na mafuta, fundi. Wacha wakae."

Alinitazama kwa ile namna ya siku ya kwanza, ya vipimo visivyoeleweka. Kisha akaita watu wawili wakalitoa benchi. Aliyekuwa kwenye ndoo akakaa wa kwanza, karibu na mlango, akaegemea, akafunga macho. Upande wa mfereji hakukaa mtu. Nilikaa hapo mpaka mzee alipofunga duka. Alama yangu ya asubuhi ile ilikuwa bado ipo, mkwaruzo wa bega kwenye rangi, na nilipoinama niliona kwamba iko chini mno kuwa ya kichwa cha mtu yeyote.

Koti nililipeleka kwa dobi. Pinki haikutoka yote. Dobi alinitoza shilingi mia tatu na hamsini, akaniambia nisirudi nalo. Safari tatu za Kangundo, kwenda na kurudi, zilikuwa elfu moja mia mbili. Fremu siihesabu, ilikuwa zawadi. Ukuta wenyewe ulikuwa elfu kumi na tano. Jumla ya nilichopoteza ni shilingi elfu kumi na sita, mia tano na hamsini.